Miji Miwili ya Tope: Kutoka Ukingo wa Spree hadi Makorongo ya Dodoma

Dodoma na Berlin ni miji mikuu miwili iliyopewa jina na tope. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la mji wetu limetokana na neno idodomya, yaani imezama. Wapo wanaosema aliyezama ni tembo aliyeshuka kijitoni kunywa maji, akanasa matopeni mpaka watu wakaja kumshangaa. Wapo wanaosimulia, kwa kicheko zaidi, kwamba vijana wa Kigogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala, kisha wakaichomeka mikia yao matopeni. Wenye mali walipofika wakaonyeshwa mikia ile na kuambiwa: mifugo yenu hiyo, imezama. Berlin nayo, kwa maoni ya wataalamu wengi wa majina ya mahali, imepata jina lake katika neno la kale la Waslavi lenye maana ya kinamasi, ingawa wenyeji wengi hupenda kuamini kwamba asili yake ni dubu, na dubu huyo wamemweka katika nembo ya jiji. Wao wana dubu, sisi tuna tembo. Chini ya wanyama wote wawili kuna ardhi oevu ambayo watu waliijua kabla ya kuwapo wapimaji na ramani.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya safari ya miguu niliyoifanya Septemba iliyopita. Nilikuwa Berlin kwa mkutano wa kitaaluma wa siku tatu. Mkutano ulipokwisha nilibakiwa na siku moja nzima kabla ya ndege ya kurudi nyumbani, nikaamua kuufuata Mto Spree kwa miguu tangu bustani ya Treptow, mashariki ya jiji, hadi kasri la Charlottenburg, magharibi, mwendo wa zaidi ya kilomita 15. Sina nia ya kumchosha msomaji kwa habari za kitalii. Miji ya Ulaya imekwisha kusifiwa na watu wetu kupita kiasi, na mara nyingi sifa hizo huishia kuwa namna nyingine ya kujidharau. Ninaandika kwa sababu mto ule ulinirudisha kwenye swali ambalo Dodoma, mji ninaoishi na kufundisha, italazimika kulijibu ndani ya miaka michache ijayo: ukingo wa mto ni mali ya nani?

Spree si mto mkubwa. Urefu wake ni kama kilomita 400, unaanzia karibu na mpaka wa Jamhuri ya Cheki, na ndani ya Berlin mwendo wake ni wa taratibu kiasi kwamba jani lililoangukia majini linaweza kukusindikiza hatua kwa hatua. Lakini kwa mtu aliyetoka Dodoma mwezi Septemba, mto wenye maji ni jambo la kutazamwa mara mbili. Kwetu mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ifikapo Septemba mito yetu imekuwa njia za mchanga. Ng'ombe hupita katikati yake, watoto huichezea mpira, na tipa huteremka kujaza mchanga wa kujengea. Mgeni anaweza kuishi Dodoma miezi sita asijue kwamba amevuka mto kila siku asubuhi.

Nilianzia Treptow kwa makusudi. Katika bustani ile iliyo kando ya maji, mwaka 1896 Ujerumani ilifanya maonyesho makubwa ya viwanda, na ndani yake yakawamo maonyesho ya kwanza ya makoloni yake. Waafrika na watu wa visiwa vya Pasifiki, jumla yao 106, waliwekwa katika vijiji vya kuigiza ili Wajerumani waliolipa kiingilio waje kuwatazama wakipika, wakicheza ngoma na wakiishi. Miongoni mwao walikuwamo Waswahili na Wamasai waliotoka katika nchi hii tuliyomo. Mmoja wa watu wale, Kwelle Ndumbe wa Kameruni, alijinunulia darubini ndogo ya kutazamia michezo ya jukwaani, akawa anawatazama watazamaji wake. Kisa hicho kimehifadhiwa, na leo makumbusho ya wilaya ya Treptow inawakumbuka watu wale kwa majina yao. Nilisimama pale kwa muda. Kisha nikaanza kutembea, nikiwa na hakika kwamba Mwafrika anayetembea kando ya maji yale akitazama na kuuliza maswali hafanyi jambo geni. Anaendeleza kazi iliyokwisha kuanzwa.

Baada ya mwendo wa nusu saa hivi mto unafika kwenye daraja la Oberbaum, lenye minara miwili ya matofali mekundu. Hapa swali langu la ukingo lilipata sura ambayo sikuitarajia. Wakati Berlin ilipokuwa imegawanywa, sehemu hii ya mto, kwa upana wake wote, ilikuwa mali ya Mashariki. Ukingo wa upande wa Kreuzberg ulikuwa wa Magharibi, lakini maji yaliyougusa ukingo huo yalikuwa ya dola nyingine. Kati ya mwaka 1966 na 1975 watoto watano wa Kreuzberg walianguka majini na kufa. Wazima moto wa Magharibi walisimama kando bila kuthubutu kuingia, kwa kuwa kuingia bila ruhusa kungeweza kuwafanya wapigwe risasi na walinzi wa mpaka. Mtoto wa mwisho alikuwa wa familia ya wahamiaji kutoka Uturuki. Alizama Mei 1975, siku aliyotimiza miaka mitano. Ni baada ya kifo hicho ndipo pande mbili zilipotia saini, Oktoba mwaka huo huo, makubaliano ya kuokoa watu mtoni. Pale ndipo nilipoelewa kwamba swali la nani mwenye mto si la wanasheria peke yao. Mto ukiwa na mwenyewe aliye mbali, aliye karibu anaweza kufa mbele ya macho ya watu.

Ukingo huo huo una jina lenye historia yake. Zamani uliitwa kwa heshima ya von der Groeben, mtu aliyeiwekea Brandenburg ngome ya biashara, ikiwamo ya watumwa, katika pwani ambayo leo ni ya Ghana. Mwaka 2010 jina hilo liliondolewa, ukaitwa May-Ayim-Ufer. Neno Ufer kwa Kijerumani ni ukingo. Kwa hiyo ni Ukingo wa May Ayim, mshairi wa Kijerumani ambaye baba yake alitoka Ghana. Alizaliwa mwaka 1960 na kufariki mwaka 1996, na ni mmoja wa watu waliowapa Wajerumani weusi lugha ya kujieleza. Mabadiliko hayo hayakuja kwa hisani. Watu walidai, wakaandika, wakahudhuria vikao, wakabishiwa, wakarudi tena.

Pale nilikutana, kwa ahadi tuliyowekeana, na binti mmoja wa Kitanzania anayesoma shahada ya uzamivu katika mipango miji. Aliniamkia, "Shikamoo, Dokta," nikamwitikia, tukanunua mkate wenye nyama tukala tumekaa kwenye benchi lililoelekea maji. Nilimwambia kwamba nawaonea wivu watu wa hapa kwa kuwa na ukingo ulio wazi namna hii. Akacheka. "Dokta, hapa hata benchi la mtoni limegombaniwa."

Alichokisema kina kumbukumbu za wazi. Baada ya Ukuta kuanguka mwaka 1989, kingo za Spree katika sehemu hii zilibaki na maghala makuukuu, viwanja vitupu na kipande cha Ukuta chenye urefu wa kama kilomita 1.3, ambacho wasanii walikichora mwaka 1990. Wawekezaji wakaja. Ukabuniwa mpango mkubwa wa kuyajaza maeneo yale majengo ya ofisi na makampuni ya habari na burudani. Wakazi wa wilaya ya Friedrichshain-Kreuzberg wakakusanya saini na kulazimisha kura ya maoni. Ilipigwa tarehe 13 Julai 2008, na asilimia 87 ya waliopiga kura waliunga mkono hoja iliyotaka, pamoja na mambo mengine, majengo mapya yakae mita 50 kutoka majini, ili ukingo ubaki wa watu wote.

Je, walishinda? Kwa kiasi tu. Viwanja vingi vilikuwa vimekwisha kuuzwa na mikataba ilikuwa imekwisha kusainiwa. Kuivunja kungeigharimu serikali fidia kubwa. Mwaka 2013 watu walirudi tena mitaani pale kipande cha ukuta ule uliochorwa kilipoondolewa ili kupisha mnara wa makazi ya kifahari ukingoni. Mnara ulijengwa. Nilipoendelea na safari yangu niliuona mwenyewe, na mara kadhaa nililazimika kuuacha mto, kuzunguka jengo, na kuurudia mbele zaidi. Kila nilipozunguka nilifahamu kwamba hapa palikuwa na mkataba uliotangulia kura.

Msomaji mwenye kufuatilia sheria zetu huenda ameshagundua ninakoelekea. Watu wa Kreuzberg walipigania mita 50. Sisi tuna mita 60, na hatukuzipigania. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari, ziwa au bwawa. Sheria hiyo ilipitishwa miaka minne kabla ya kura ya Kreuzberg. Katika maandishi, basi, Mtanzania ana ukingo mpana kuliko Mjerumani. Kinachobaki ni kuutafuta ukingo huo juu ya ardhi.

Mtaani ninakoishi kuna korongo linaloshuka kutoka vilimani na kuelekea tambarare. Nilipohamia, pande zake mbili zilikuwa na vichaka, mibuyu michache na njia ya miguu iliyotumiwa na wanafunzi na wachungaji. Leo mabikoni ya viwanja yamesogea mpaka mdomoni mwa korongo, na katika sehemu moja yamelivuka. Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya reli, aliuziwa kiwanja pale kwa taratibu zote: kilipimwa, kina ramani, kina muhuri, kina risiti. Akajenga kwa kiinua mgongo chake chote. Usiku mmoja wa Januari mvua ilinyesha vilimani, wala si mtaani kwetu, na maji yakaja bila taarifa. Yaliondoka na ukuta, choo, mbuzi wanne na nusu ya jiko. Alfajiri nilikwenda kumpa pole. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akitazama mahali ambapo ukuta ulikuwapo. Nikamwamkia, akaitika, kisha akanisalimu kwa Kigogo kama kawaida yake, "Mbukwa, mwalimu." Halafu akaniambia, "Babu yangu alichunga ng'ombe hapa. Alikuwa akituambia, mchanga ukiwa mweupe hivi, jua hapo maji yamelala. Mimi nikaamini karatasi."

Sikuwa na jibu, na sidhani kama lipo. Mzee yule hakuvunja sheria kwa ukaidi. Alipewa karatasi na watu waliostahili kuijua sheria. Tunapowalaumu watu kwa kujenga mabondeni, kama tunavyofanya kila mvua zinapoanza, tuanze kwa kuuliza ni nani aliyelipima bonde, nani aliyepokea malipo, na ni kwa nini mita 60 zilizoandikwa mwaka 2004 hazikuonekana katika mchoro wa kiwanja.

Nirudi kwenye safari. Alasiri mto uliniingiza katikati ya jiji, kwenye kisiwa chenye majumba ya makumbusho, na jirani yake kasri la wafalme wa Prussia lililojengwa upya, ambamo leo zimewekwa mali nyingi zilizochukuliwa Afrika na kwingineko, zikiwamo za kwetu. Hilo ni suala linalostahili makala yake, nami sitaligusa kwa haraka. Nilipita, nikafika kwenye daraja la Marschall. Barabara inayoishia hapo kutoka kusini ni Wilhelmstrasse. Katika jumba lililokuwa namba 77 la barabara hiyo, wajumbe wa mataifa ya Ulaya na wengine walikutana kuanzia Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885 kuwekeana kanuni za kuigawana Afrika. Siku iliyofuata, tarehe 27, mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters juu ya nchi ambazo watawala wake, Usagara ikiwamo, walidaiwa kuzitoa kwa kutia alama kwenye karatasi. Usagara ni jirani wa Ugogo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1905, ilianza kujengwa reli kutoka Dar es Salaam ambayo ilipita Dodoma na kufika Kigoma mwaka 1914. Mji wetu kama mji, wenye stesheni, boma na mitaa iliyonyooka, ulitokana na reli hiyo. Karatasi iliyotiwa saini mbali na ardhi inayohusika: Dodoma inaujua ugonjwa huo tangu utoto wake.

Hatua chache mbele ya daraja lile ndipo yalipo makao ya Bunge la Ujerumani. Hapa miji yetu miwili inakutana tena, kwa kuwa yote miwili ni miji mikuu iliyohamiwa. Tarehe 20 Juni 1991 wabunge wa Ujerumani walipiga kura ya kuhamisha makao ya Bunge na Serikali kutoka Bonn kwenda Berlin. Kura 338 zilikubali, 320 zilikataa. Tofauti ilikuwa kura 18 tu, lakini mwaka 1999 Bunge lilikuwa limekwisha kuanza kazi katika makao mapya. Sisi tuliamua mwaka 1973, chini ya TANU na Mwalimu Nyerere, tukaunda Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu mwaka huo huo, kisha tukasubiri. Ni mwaka 2016 ndipo Rais Magufuli alipotangaza kwamba sasa tunahama kweli. Mwaka 2017 mamlaka ile ilivunjwa, mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji na sheria ya kuitambua kuwa makao makuu ikapitishwa, na mwaka 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba.

Sitaki kulinganisha kasi, maana hatukuwa na mfuko mmoja. Ninachotaka kulinganisha ni kitu kimoja kidogo. Wasanifu waliopewa kazi ya makao mapya ya Berlin waliyapanga majengo ya serikali katika mstari unaouvuka Mto Spree. Upande mmoja wa maji kuna ofisi za wabunge na kamati, upande wa pili kuna maktaba ya Bunge, na daraja limeyaunganisha juu ya mto. Chini, kandokando ya maji, wakaacha njia na ngazi pana kwa ajili ya mtu yeyote. Nilipita chini ya madirisha ya wabunge bila kuulizwa niendako. Vijana walikuwa wameketi kwenye ngazi wakila, mama mmoja akimlisha mtoto, mzee akilisha bata. Nchi ile ina maadui wake na hofu zake, na walinzi niliwaona. Lakini mtu aliyechora mstari wa jengo alikumbuka kwamba kuna mtu mwingine ambaye hatawahi kuingia ndani ya jengo hilo, naye pia ni mwenye nchi.

Wala wazo hilo si geni kwetu. Mpango Kabambe wa Dodoma wa mwaka 1976, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto kwa maelekezo ya siasa ya Ujamaa, haukutaka mji mkuu wa minara ya kujionyesha. Ulitaka mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda basi, mji unaofuata maumbile ya vilima na mabonde yake. Mtu anaweza kuucheka mpango huo kwa mengi ambayo hayakutimia. Hata hivyo, kwa suala la makorongo ulikuwa karibu na babu wa jirani yangu kuliko tulivyo sisi leo.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa sababu nimekwisha kulisikia darasani. Mwanafunzi mmoja aliinua mkono akasema, "Samahani mwalimu, Spree ni mto, lile letu ni korongo tu. Utalindaje mto usio na maji?" Ni swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mito yetu ina maji, yamelala chini. Wagogo wamefukua visima katika mchanga wa mito hiyo miaka yote, wakanywa wao na mifugo yao mpaka masika. Na si wao tu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji letu imetoka kwa miongo mingi katika visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya mji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia vipimo vya kina cha maji ya visima hivyo vya miaka 55, ulionyesha kwamba hifadhi ile haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa kwa vipindi, katika ile miaka michache ya mvua kubwa mno. Tafiti zilizofuata zimeonyesha nafasi ya mito ya msimu, Kinyasungwe Ndogo ikiwamo, katika kuyaingiza maji hayo ardhini kupitia mchanga wake. Kwa maneno mengine, mafuriko yale tunayoyaogopa ndiyo yanayotunywesha miaka inayofuata, na mchanga ule tunaoupakia kwenye tipa ndio mdomo wa kisima chetu. Anayelijengea korongo zege anamwonea jirani yake wa bondeni, na pia anaiziba njia ya maji ya mjukuu wake.

Tena Spree yenyewe haina uhakika wa kubaki kama nilivyoiona. Kwa zaidi ya karne moja, migodi ya makaa ya mawe ya Lausitz, juu ya mto, imekuwa ikipampu maji ya ardhini na kuyamwaga mtoni. Ujerumani imeamua kuachana na makaa hayo ifikapo mwaka 2038, na mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ilionya mwaka 2023 kwamba katika miezi ya kiangazi baadhi ya sehemu za mto zinaweza kupungukiwa na hadi asilimia 75 ya maji. Nako si peponi: kuogelea katika Spree ya katikati ya jiji kulipigwa marufuku mwaka 1925, na mpaka leo mvua kubwa ikinyesha mifereji ya zamani humwaga maji machafu mtoni. Huenda wakaja siku moja kutuuliza sisi watu wa nyanda za kati namna ya kuishi na mto unaojificha. Ingefaa tuwe bado tunajua.

Wengine watasema wenzetu wana fedha. Ni kweli, lakini kuacha ardhi bila kuiuza hakuhitaji mkopo. Gharama huja baadaye, kwa fidia, kwa makalavati yaliyosombwa, kwa misiba. Reli yetu ya kati inalijua hilo: mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, maji yaliyoshuka kutoka nyanda hizi kupitia Kinyasungwe na Mkondoa yaliharibu njia ya reli kuelekea Kilosa, na treni zikasimama kwa miezi. Somo la Kreuzberg ni la wakati. Wale watu walikuwa na hoja, saini na asilimia 87, lakini ardhi ilikuwa imewatangulia kuuzwa. Dodoma inapimwa sasa hivi, wakati ninapoandika na wakati unaposoma. Kila wiki kuna mpimaji aliyesimama mahali fulani na chombo chake, akiamua kitu ambacho wajukuu wetu hawataweza kukinunua tena.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kabla kiwanja kingine hakijapimwa kandokando ya korongo lolote la jiji hili, mita 60 ziwekewe bikoni kwanza, zionekane kwa macho, zitangazwe katika mikutano ya serikali za mitaa, na ramani yake ibandikwe ubaoni ambapo mama muuza mboga anaweza kuisoma. Kati ya bikoni na mchanga ipandwe miti inayoivumilia nchi hii, na iachwe njia ya miguu. Waliokwisha kuuziwa kwa karatasi halali wasifukuzwe kama wavamizi. Wapewe ardhi nyingine, kwa kuwa kosa halikuwa lao. Jirani yangu bado anangoja. Amejenga upya chumba kimoja, hatua chache nyuma ya pale kilipokuwa cha kwanza, kwa sababu hana pengine pa kwenda.

Nawe, ndugu msomaji, ikiwa unaishi karibu na korongo, Jumamosi hii teremka mpaka kwenye ukingo wake, uupe mgongo mchanga, kisha tembea kwenda juu ukihesabu. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Andika umekutana na nini kabla ya hatua ya 80, upeleke maandishi hayo kwa mwenyekiti wa mtaa wako, na umwombe ayasome kikaoni. Desemba haiko mbali.